JOY ADAMSON: MCHORAJI ALIYEFUNIKWA NA SIMBA

Wanachama wenzangu, ukimtaja Joy Adamson darasani, kila mtu atakusimulia habari za Elsa, yule simba jike aliyelelewa na watu kisha akarudishwa mwituni. Kitabu cha mwaka wa 1960 ndicho kilichompa mama huyu sifa duniani. Lakini kabla ya Elsa alikuwa mchoraji, na kwa maoni yangu kazi hiyo inatuhusu sisi kuliko simba.

Alizaliwa mwaka wa 1910 mjini Troppau, ambao siku hizi ni Opava, Jamhuri ya Cheki. Jina lake halisi ni Friederike Gessner. Alifika Kenya mwaka wa 1937. Mumewe wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, na ndiye aliyembandika jina la Joy. Basi akaanza kuchora maua. Mwaka wa 1944 aliolewa na George Adamson, bwana nyama wa kaskazini.

Mwaka wa 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi ya jadi, kwa kuwa yalikuwa yanatoweka. Lo! Si wakoloni na wamishenari hao hao waliotwambia mavazi hayo ni ya kishenzi? Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa akachora mamia ya picha. Miaka hiyo hiyo watu wetu walikuwa wakidai ardhi na uhuru, lakini hayo huyaoni pichani. Unaona mapambo tu, na nyuso zilizotulia kabisa.

Hata hivyo, siwezi kumlaumu tu. Tulipozuru Makumbusho ya Nairobi nilisimama mbele ya picha zake hadi mwalimu akaniita mara mbili. Kila ushanga umechorwa peke yake, rangi kwa rangi. Nilipofika nyumbani nilimweleza nyanya yangu juu ya mapambo ya masikio niliyoyaona. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mamake alikuwa nayo kama hayo, akayavua siku alipobatizwa. Hakuna aliyeyaweka, na picha ya mamake haipo.

Joy Adamson aliuawa Shaba mwezi wa Januari 1980. Mwanzoni ilidhaniwa ni simba, kumbe ni mtu aliyewahi kumfanyia kazi.

Nyanya ameniomba likizo ijayo nimpeleke Nairobi akazione picha hizo.