Mshahara wa Kakira Hufikaje Nakivale?

Ndugu mfanyakazi, mshahara haujatimiza kazi yake mpaka umefika nyumbani. Anayekata miwa Kakira au kufanya kazi kiwandani Lugazi huenda ana mzazi Masha, au jamaa katika makazi ya Nakivale, upande wa pili wa Mbarara. Kumpa dereva bahasha ni kubahatisha. Basi tueleze njia zilizopo na mahali zinapokwama.

Njia ya zamani ni hawala ya posta, ambayo wengi waliiita manioda. Posta ya Uingereza iliichukua kazi hiyo mwaka 1838, na baadaye ikaieneza mpaka makoloni ya mbali. Mwaka 1878 nchi za Umoja wa Posta Duniani zilipatana jinsi ya kulipiana hawala.

Utaratibu wake ni huu: fedha yenyewe haisafiri. Mtumaji hulipa dirishani pamoja na ada, naye hupewa stakabadhi. Posta ya pili hupata taarifa na kumlipa mpokeaji kutoka katika sanduku lake. Hesabu hulinganishwa baadaye baina ya posta na posta.

Afrika Mashariki jambo hili lilikuwa jepesi zaidi wakati shilingi ilikuwa moja na posta moja. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa shilingi yake. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na posta zikagawanyika.

Udhaifu wa hawala ulikuwa mwisho wa safari. Ililipwa posta, si kijijini. Aliye mbali na mji alilipa nauli kwenda kuchukua haki yake.

Simu imepunguza safari hiyo. Kenya ilianza M-Pesa mwaka 2007, na Uganda ikapata huduma ya MTN mwaka 2009. Lakini msingi ni ule ule wa manioda: noti hazisafiri, na wakala hulipa kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo vikwazo navyo ni vitatu.

Kwanza, hati. Laini ya simu husajiliwa kwa jina la mtu. Wakimbizi wengi walitumia laini za watu wengine, na fedha ikawa mikononi mwa mwenye jina. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu wajisajili kwa hati za Ofisi ya Waziri Mkuu.

Pili, wakala. Akiishiwa noti, ujumbe wa simu hauliwi.

Tatu, makato. Julai 2018 serikali ilitoza asilimia 1. Mwaka huo huo ikapunguza kuwa 0.5, kwa kutoa fedha tu. Katika shilingi 100,000 hiyo ni shilingi 500, mbali na ada ya kampuni.

Kwa hiyo, ndugu:

1. Mhimize mpokeaji asajili laini kwa jina lake mwenyewe.
2. Hakikisha namba na jina kabla ya kutuma, na uhifadhi ujumbe kama stakabadhi.
3. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata wakala.
4. Mwajiri akitaka kulipa mishahara kwa simu, ulizeni mkutanoni: gharama ya kuitoa ni ya nani?

Swali hili la mwisho lijibiwe kwa maandishi, kabla ya kutia sahihi. Kinachokatwa njiani kimekatwa katika jasho letu.