Maji ya Bethlehemu na Kanisa la Capel Celyn

(Mazungumzo ya redio. Somo: 2 Samweli 23:13-17)



Somo letu ni fupi, tena si watu wengi walisomao. Daudi yuko katika pango la Adulamu wakati wa mavuno. Wafilisti wamepiga kambi bondeni, na kikosi chao kimeushika mji wa Bethlehemu. Daudi anaona kiu. Kinachomjia moyoni si maji yoyote tu, bali ni maji ya kile kisima kilicho karibu na lango la Bethlehemu, kijiji alichozaliwa. Anasema tamaa yake kwa sauti. Mashujaa watatu wanamsikia, wanapenya katikati ya adui, wanateka maji, na kumletea. Naye Daudi hakuyanywa. Aliyamimina chini mbele za Bwana, kwa kuwa aliyaona kama damu ya watu wale waliokwenda kwa kuhatarisha roho zao.

Wengi wetu tukisoma habari hii twaona ni ajabu. Tungelikuwa sisi wale mashujaa watatu, labda tungekasirika! Lakini hebu tuiache Bethlehemu kidogo, tusafiri kwa mawazo hadi Wales, nchi ya milima na mvua iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Huko lipo ziwa lililofanywa kwa mikono ya watu, na kando yake lipo jengo dogo la mawe. Mgeni akifika pale ataelewa upesi kwa nini Daudi aliyamwaga maji yale.

Ziwa hilo laitwa Llyn Celyn. Ukitoka katika mji mdogo wa Bala, ukafuata barabara ya kwenda Trawsfynydd, mwendo si mrefu kabla ya kuliona upande wako wa kushoto, maji mengi yametulia kati ya vilima. Mtu asiyejua habari zake atasimamisha gari, apige picha, na kuendelea na safari. Lakini penye ukingo wa maji lipo jengo hilo la mawe, na karibu nalo bustani yenye mawe ya makaburi. Mawe mengine ya jengo yalitoka katika kanisa la zamani, na yale ya makaburi yalitoka katika uwanja wake. Uwanja wenyewe uko chini ya maji. Kanisa lilibomolewa kabla bonde halijajazwa. Kiangazi kikiwa kikali na maji yakishuka, misingi ya kuta huonekana tena katika matope, na watu huja kutazama.

Hapo ndipo palipokuwa kijiji cha Capel Celyn. Neno "capel" kwa lugha yao ni kanisa dogo, na "celyn" ni mti wenye majani ya miiba. Palikuwa na kanisa, shule, posta na mashamba. Waumini walikuwa Wamethodisti wa Kikalvini, yaani wa upande wa Kipresbiteri, kwa hiyo hawako mbali na wengi wetu. Lugha yao ya ibada, ya nyumbani na ya sokoni ilikuwa Kiwelisi, ambacho kilipata Biblia nzima mwaka 1588. Katika Shule ya Jumapili hawakufundishwa watoto peke yao. Watu wazima nao walikaa darasani na Biblia mikononi. Wazee wetu waliojifunza kusoma chini ya mti kwa Injili ya lugha yao wangewaelewa watu hawa bila kuhitaji mkalimani.

Tena tuna deni kwa pande zile. Mwaka 1800 msichana wa miaka 15, Mary Jones, alitembea karibu kilometa 40 kwenda Bala kununua Biblia kwa mchungaji Thomas Charles, baada ya kuweka akiba kwa miaka mingi. Habari yake iliwagusa watu, na mwaka 1804 kikaanzishwa huko London Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje. Chama hicho kilishiriki kutuletea Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo pengine ndiyo iliyo mezani pako sasa hivi.

Basi, ilikuwaje kanisa likafunikwa na maji?

Jiji la Liverpool, lililo Uingereza, lilitaka maji zaidi kwa nyumba zake na viwanda vyake. Haikuwa mara ya kwanza kulitazama bonde la Wales. Katika miaka ya 1880 jiji hilo hilo lilijenga bwawa la Vyrnwy na kukifunika kijiji cha Llanwddyn pamoja na kanisa lake. Wakati ule wafu walihamishwa, na jiji likajenga kanisa jipya mahali pa juu zaidi. Miaka sabini hivi ikapita, na kiu ikarudi. Kwanza lilitajwa bonde la Dolanog, nchi ya Ann Griffiths, mama mtunzi wa nyimbo za kiroho aliyefariki mwaka 1805. Watu walipiga kelele, maana jina lake lapendwa mno katika makanisa ya Wales. Kisha likatajwa bonde la mto Tryweryn, kilipokuwa Capel Celyn, mahali pasipokuwa na mtu mashuhuri wa kupaombea. Twaliona jambo hili ni zito. Bonde lenye jina kubwa lilipona, na lenye wakulima wa kawaida likachukuliwa.

Wanakijiji hawakuitwa mezani kwanza. Habari ziliwafikia kwa njia ya gazeti, karibu na Krismasi ya mwaka 1955. Liverpool haikwenda kwa halmashauri za wenyeji kuomba ruhusa ya ujenzi, bali ilipeleka mswada wake moja kwa moja katika Bunge la London, kwa kuwa mswada ukipita kule ruhusa ya wenyeji haitakiwi tena. Tarehe 21 Novemba 1956 watu wa kijiji walisafiri hadi Liverpool, wazee kwa watoto, wakaandamana barabarani kuwaomba watu wa jiji wasizizamishe nyumba zao. Mswada ulipopigiwa kura, hakuna mbunge hata mmoja wa Wales aliyeukubali. Ukapita hata hivyo, kwa kura za wengine, na tarehe 1 Agosti 1957 ukawa sheria.

Kulikuwa na watu 67 katika bonde lile, na 48 kati yao walipoteza makao. Ekari 800 hivi za ardhi zilifunikwa. Shule ilifungwa mwaka 1963, na tarehe 28 Septemba mwaka huo ikafanyika ibada ya mwisho kanisani. Kisha ikaja habari ya makaburi. Jamaa waliulizwa kama walitaka wafu wao wahamishwe. Wachache walihamishwa, waliobaki waliachwa pale pale, mawe yao yakaondolewa, na uwanja ukafunikwa kwa saruji. Bwawa likafunguliwa rasmi tarehe 21 Oktoba 1965. Sherehe ilikatika baada ya dakika chache tu, kwa sababu ya kelele za watu waliofika kupinga.

Jambo lingine ni jinsi maji yanavyokwenda. Mtu angedhani bomba kubwa latoka bwawani hadi Liverpool. Sivyo. Maji hufunguliwa kidogo kidogo katika mto uleule wa Tryweryn, nao huingia katika mto Dee, na mbali kule chini, karibu na mji wa Chester, ndipo huchotwa na kusafishwa. Bwawa ni ghala: mvua ya masika yawekwa akiba ili mto usipungue wakati wa kiangazi. Kwa hiyo anayefungua mfereji wake mjini haoni kitu chochote kinachomkumbusha bonde lile. Maji yake yamepita mtoni kama maji mengine yote.

Wahubiri wengi wangelichukua hapa habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Sisi hatukuichukua, na sababu yetu ni hii. Ahabu alitaka bustani ya mboga tu, naye alikuwa na ardhi tele. Lakini mji unahitaji maji kweli kweli. Mama mwenye watoto katika nyumba za udongo na moshi wa bandarini hakuwa Yezebeli. Kiu ya Daudi nayo ilikuwa kiu ya kweli. Maandiko hayamlaumu kwa kuona kiu. Yatuonyesha tu kwamba alipoletewa chombo aliuliza maji yale yamegharimu nini, na ni nani aliyelipa.

Na swali hilo latufikia sisi Kenya bila kuvuka bahari. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, katika nchi ya Murang'a, lililomalizika mwaka 1994. Familia za wakulima zilitoka katika mashamba yao ili bonde lijazwe. Bwawa la Masinga katika mto Tana, lililoanza kazi mwaka 1981, nalo liliwahamisha watu wengi, na umeme wa mto huo ndio uwashao taa na vipaza sauti vya makanisa yetu. Tunapowabatiza watoto mjini kwa maji ya mferejini, ni wangapi kati yetu tumewahi kuwataja katika maombi wale waliohama?

Tungependa kusema neno juu ya faraja. Kanisa la mahali likiondolewa, kwa bwawa, au barabara, au reli, watu huja upesi na kusema kwamba kanisa si jengo, kanisa ni watu. Ni kweli. Bwana wetu alimwambia yule mama Msamaria kisimani kwamba saa inakuja ambapo Baba hataabudiwa katika mlima ule wala Yerusalemu peke yake. Lakini maneno hayo yakisemwa na mtu asiyehamishwa huwa mepesi sana. Capel Celyn watu wenyewe ndio waliotawanywa, huyu huku na yule kule. Llanwddyn walijengewa kanisa jipya; jengo waweza kulihamisha kwa fedha. Kundi lililozoeana kwa vizazi vingi, linalojua nani ni mgonjwa na nani amekosa Jumapili mbili, hilo haliwekwi katika hesabu ya fidia.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wanaosikia kwamba mradi unakuja upande wao wasingoje gazeti. Waulize mapema, wakati ramani bado ni ya penseli. Waandike majina ya waliozikwa na mahali walipo. Vitabu vya ubatizo na ndoa viwekwe mahali salama, wala visiachwe katika sanduku chini ya mimbari. Na ikibidi kuhama, wadai kuhamishwa pamoja, jirani na jirani. Hayo si siasa, ndugu zetu. Ni kazi ya mchungaji kuwajua kondoo wake.

Ukiendelea kidogo kando ya Llyn Celyn utaona jiwe jingine la ukumbusho. Linasema habari za Hafod Fadog, nyumba ya shamba ambayo sasa imo majini, walipokusanyika kuabudu Marafiki, ambao wengi wetu twawaita Waquaker, katika karne ya 17 na ya 18. Kwa ajili ya mateso wengi wao walilihama bonde lile wakavuka bahari hadi Pennsylvania. Marafiki walienea Marekani, na mwaka 1902 wamisionari wa Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi, katika magharibi ya nchi yetu. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwa hiyo bonde lile limetoa watu wake mara mbili, mara ya kwanza kwa mateso, na mara ya pili kwa maji.

Na wale walio chini ya saruji? Yohana katika Ufunuo sura ya 20 aliiona bahari ikiwatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Ikiwa bahari kuu yaweza kuwatoa wafu wake, ziwa la watu wa Liverpool litawezaje kuwazuia?

Mwezi wa Oktoba 2005, miaka 40 baada ya bwawa kufunguliwa, baraza la jiji la Liverpool liliomba radhi hadharani kwa ajili ya Capel Celyn. Watu wengine wa Wales walilipokea neno lile kwa furaha, na wengine walisema limechelewa mno. Wazee wengi walioimba katika ibada ya mwisho walikuwa wamekwisha kufa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutafungua Ezra sura ya 3, pale wazee waliolia na vijana walioshangilia waliposikika kwa sauti moja, hata watu wasiweze kuzitofautisha. Isomeni nyumbani kabla ya kipindi. Kwaherini.