Punda Nilimnunua, Lulu Sikuinunua

Juma mbili zilizopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani na wenzangu, kikombe cha kahawa mkononi, mara simu yangu ikalia kidogo ikanyamaza. Kutazama, naona shilingi 3,200 zimeingia, na aliyezituma simjui kwa sura wala kwa jina.

Mpwa wangu aliyekuwa kando yangu alichungulia, akacheka, akasema, "Mjomba, hiyo ni rizki yako. Mwenyezi Mungu amekukumbuka." Mzee mmoja katika sisi akapinga, "La, hiyo ni hila. Siku hizi wezi hutuma ujumbe wa uongo, kisha hukupigia wakilia eti wamekosea, na ukiwarudishia umewapa zako. Kaa kimya." Wa tatu, mtu mpole, akasema, "Usizile, lakini usijisumbue. Mwenyewe akizitaka atapiga."

Nilitazama salio nikaona fedha zimeingia kweli kweli. Basi haikuwa hila. Ila zile rai tatu nilikwenda nazo nyumbani, na usiku ule nikafungua tafsiri ya Talmudi ya Mayahudi niliyokuwa nikiisoma kwa miezi, kwani nilikumbuka kuwa suala hili hili la mtu kushika cha mwenziwe lina sura nzima ndani yake.

Najua kuna msomaji atakayekunja uso hapa. Atasema: Je, bwana mwandishi, vitabu vyetu vimekwisha hata ukatafute kwa Mayahudi? Na mwengine moyo wake uko Palestina, wala hakuna wa kumlaumu. Wa kwanza namjibu kuwa Mtume (S.A.W.) aliuruhusu umati wake kusimulia habari za Bani Israili, wala hakuona vibaya. Wa pili namwambia kuwa kitabu ni kitu kimoja na vitendo vya dola ni kitu kingine. Kila mwenye kitabu atapimwa kwa kitabu chake, na sisi tumo.

Talmudi si Taurati. Taurati ndiyo asili. Talmudi ni mijadala ya wanazuoni wao juu ya namna ya kuifuata sheria shambani, sokoni, katika ndoa, katika ujirani na katika deni. Kiini chake, kiitwacho Mishna, kilikusanywa na Rabi Yehuda huko Galilaya yapata mwaka 200 baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Kisha wanazuoni wa Palestina na wa Iraki wakaijadili Mishna hiyo kwa miaka mamia, na mijadala ya Iraki, ya vyuo kama Sura na Pumbedita, ndiyo iliyoshika nguvu zaidi. Kitabu hicho kilipopigwa chapa chote kwa mara ya kwanza mjini Venice, baina ya 1520 na 1523, matni yaliwekwa katikati ya ukurasa na sharhi pembeni. Sisi tuliosoma chuoni tukiuona ukurasa huo kwa mbali tutadhani ni kitabu cha fikihi kutoka Misri, mpaka tuzikaribie herufi.

Mambo ya mali yamo katika sehemu tatu ziitwazo milango: wa kwanza, wa kati na wa mwisho. Kwa lugha yao mlango ni "bava", ndugu wa "bab" ya Kiarabu. Sura ya pili ya Mlango wa Kati inahusu vitu vilivyookotwa, na katika vyuo vyao vingi mtoto anayeanza Talmudi huanzishiwa hapo. Yaani akiingia katika bahari ile pana, maji ya kwanza kumgusa miguu ni haya: ukiokota nguo ya mtu njiani, utafanya nini?

Mizani ya hukumu zao ni jambo moja: je, mwenyewe amekata tamaa? Maadamu angali anatumaini kukipata, kitu ni chake, hata kikiwa mkononi mwa mwengine. Akiwa alikwisha kukata tamaa kabla hakijaokotwa, aliyekiokota amekimiliki. Kwa hiyo wakauliza kama kitu kina alama au hakina. Nguo ina alama, mwenyewe atatumaini kuitambulisha, basi mwokotaji ni lazima atangaze. Fedha zilizotawanyika njiani hazina alama. Na wanazuoni walisema mtu hupapasa mfuko wake kila saa, kwa hiyo amekwisha kujua na amekwisha kukata tamaa, nazo ni za aliyeziokota. Na kilichochukuliwa na bahari ni cha aliyekiokoa, hata kama mwenyewe amesimama ufuoni anapiga kelele, maana yeye ni kama mtu anayeliita jahazi lililokwisha kuzama.

Kisha wakaenda mbali zaidi. Je, asiyejua bado kuwa kimempotea, ambaye lau angalijua angalikata tamaa, ahesabiwe amekata? Raba alisema ndiyo. Abaye akasema la, tamaa haikatwi na asiyejua. Na kitu kikikufikia kabla mwenyewe hajajua, kukata tamaa kwake baadaye hakukuhalalishii. Hukumu ilisimama na Abaye.

Na kutangaza kulikuwa na utaratibu. Rabi mmoja alisema itangazwe kwa sikukuu tatu za kuhiji Yerusalemu, na siku saba baada ya ile ya mwisho: siku tatu za mtu kurudi kwake akatazame, siku tatu za kuja tena, na siku moja ya kudai. Mjini humo palikuwa na jiwe ambapo aliyeokota na aliyepotelewa walikuja kukutana, huyu akitangaza na huyu akitaja alama. Hekalu lilipobomolewa mwaka 70, matangazo yakahamia katika nyumba za ibada. Na walipozidi waongo wenye kudai visivyo vyao, ikaamriwa kuwa mdai alete mashahidi wa kuthibitisha kwamba yeye si mtu wa hila. Kumbe mzee wetu wa barazani ana wenziwe tangu enzi hizo!

Msomaji aliyesoma fikihi amekwisha kuona jinsi hukumu hizi zilivyo karibu na lukata yetu. Mtume aliulizwa juu ya kilichookotwa, akaamrisha mwokotaji akijue vyema chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha atangaze mwaka mzima. Chombo na kamba ndizo alama. Chimbuko la maji ni moja, mifereji mbali mbali.

Sasa, sheria ya nguo na punda yafaa nini kwa simu? Hapa ndipo nilipowastahi Mayahudi wasomao. Mwaka 1923, mjini Vienna, Rabi Meir Shapiro alipendekeza wenziwe wa dunia nzima wasome karatasi moja ya Talmudi kila siku, wote karatasi ile ile. Talmudi ya Iraki ina karatasi 2,711, hivyo humalizika kwa miaka saba na nusu takriban. Mzunguko wa 14 ulianza Januari 2020. Mwenye duka wa New York na daktari wa London hufika katika Mlango wa Kati siku moja, wakaulizana ya leo: benki ikiniwekea fedha zisizo zangu? Mashine ikinitolea noti zaidi? Hawawezi kusema kuwa hayamo kitabuni. Huitafuta sababu ya hukumu ya kale, kisha wakaipima nayo hali mpya. Sisi njia hiyo twaijua, twaiita kiyasi.

Nikaipima simu yangu kwa mizani ile ile. Shilingi 3,200 zile zilikuwa na alama kuliko nguo yoyote: jina, namba, siku na dakika. Mwenyewe huenda hajajua kuwa amekosea, na asiyejua hajakata tamaa. Basi neno la mpwa wangu likaanguka. Neno la mtu mpole nalo likaanguka, kwani kutangaza ni juu ya mwokotaji, si juu ya aliyepotelewa.

Lakini sheria peke yake haikuwatosha hata wao. Imesimuliwa kuwa Rav Yehuda alikuwa akitembea sokoni na mwalimu wake Shmuel huko Iraki, akamwuliza: mtu akiokota mkoba hapa penye watu wengi wapitao, ni wa nani? Shmuel akajibu kuwa ni wa mwokotaji. Akauliza tena: akitokea mtu akataja alama yake? Akajibu: atamrudishia. Mwanafunzi akashangaa, vipi yote mawili? Shmuel akamweleza kuwa kuna kilicho ndani ya mstari wa sheria, yaani mtu kusimama hatua kadhaa nyuma ya mpaka ulioruhusiwa. Sisi tungesema uadilifu ni mpaka, na ihsani ni hatua zile.

Mfano wake ni Shimon ben Shetach, aliyeishi kabla ya Nabii Isa, mwanachuoni mkubwa aliyejilisha kwa kazi ya kitani. Wanafunzi wake walimwonea huruma kwa mzigo anaojitwika, wakamnunulia punda kwa Mwarabu mmoja. Wakamkuta punda na lulu inaning'inia shingoni. Wakamjia mwalimu kwa furaha: hutafanya kazi tena! Akawauliza kama mwenye punda alijua. Wakasema hakujua. Akasema, basi rudisheni. Wakamtolea hoja ya sheria, maana kwa herufi ya sheria yao ya wakati ule haikuwa lazima kumrudishia asiye wa dini yao kilichompotea. Shimon akawaambia kuwa punda ndiye aliyenunuliwa na lulu haikununuliwa, na kwamba ni bora kwake kumsikia mtu yule akimshukuru Mungu wa Mayahudi kuliko faida ya dunia yote.

Kisa cha pili kilinitoa usingizini. Katika Talmudi ya Palestina imesimuliwa kuwa Iskandari wa Makedonia alimzuru mfalme wa mbali aitwaye Kazia, akamkuta akihukumu. Mtu mmoja amenunua mahali akakuta hazina. Anasema alichonunua ni pale tu, si hazina. Aliyeuza anasema ameuza pale na vyote vilivyomo. Kila mmoja anaikimbia mali! Mfalme akauliza kama wana watoto; huyu ana mwana wa kiume na huyu wa kike. Akawaambia, waozeni, na hazina iwe yao. Iskandari akacheka. Mfalme akamwuliza kwao wangelifanyaje, naye akajibu kuwa wangeliwaua wote wawili na hazina ingelichukuliwa na mfalme. Kazia akauliza kama kwao jua huwaka na mvua hunyesha. Akaambiwa ndiyo. Akauliza kama wana wanyama. Akaambiwa ndiyo. Akasema, basi mwanyeshewa kwa sababu ya wanyama hao.

Aliyehudhuria darasa za Hadithi amekwisha kukitambua kisa hiki. Abu Huraira amekipokea kutoka kwa Mtume, nacho kimo katika Bukhari na Muslim: aliyenunua shamba na kukuta chungu cha dhahabu, wawili wakisukumiana, na hakimu akaamua waozane watoto wao, watumie na watoe sadaka. Iskandari hamo katika yetu, lakini shamba lile, hazina ile na harusi ile zimo. Tangu utoto wangu nilikisikia msikitini, wala sikujua kuwa kina majirani.

Rava wa Iraki, ndiye yule Raba niliyemtaja, amesema kuwa mtu akifikishwa hukumuni, suala la kwanza ataulizwa kama alifanya biashara zake kwa uaminifu. Sisi twafundishwa kuwa katika ibada la kwanza ni sala. Nani atakayethubutu kusema kuwa la mali halimo katika daftari yetu? Mali tutaulizwa mara mbili, tuliichuma wapi na tuliitumia katika nini.

Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, nilingoja kupambazuke nikaipiga namba ile. Akapokea mama mmoja. Sikumtajia kitu, nilimwuliza yeye kiasi na saa. Akanitajia sawasawa, na namba aliyoikusudia, ya fundi wa paa lake, ilitofautiana na yangu kwa tarakimu moja tu. Nikamrudishia. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, mimi nilikwisha kuzisamehe. Nilijua zimekwenda." Nikamwuliza mbona hakunipigia. Akasema mara ya kwanza yalipompata alimpigia aliyezipokea, akatukanwa na simu ikazimwa. Safari hii hakuona haja.

Nilipokata simu nilikaa nikiwaza. Mama yule alikata tamaa kwa sababu anatujua. Kwa hukumu ya Abaye fedha zilikuwa zake bado, maana zilinifikia kabla hajajua. Lakini tazama sheria ile ilivyo na ncha mbili: katika mji ambao hakuna atumainiye kurudishiwa, kila kinachoanguka huwa ni halali ya wa kwanza kuinama. Watu wakikosa kutumaini, bahari imekwisha kufika mpaka mitaani, na sote ni waokota mali ya jahazi lililozama. Anayerudisha, basi, anamrudishia mwenziwe zaidi ya fedha. Tulifundishwa chuoni kuwa hekima ni mali iliyompotea muumini, naye ana haki nayo popote aionapo. Hii niliiona nyumbani kwa jirani, nikaitambua kwa alama zake.

Mpwa wangu nilimhadithia yote, wala hakucheka. Jioni alinijia akaniuliza, kukata tamaa kwa mtu huhesabiwa kuanzia siku gani. Nikamjibu nijuavyo. Sikumwuliza kwa nini anataka kujua.