Katapila Kuukuu (3): Bledi Inapogoma Kupanda

Wiki iliyopita tulimaliza habari za minyororo na rola zake. Leo tuingie kwenye haidroliki, sehemu inayowatia wenye katapila kuukuu hasara isiyo ya lazima, kwani bledi ikigoma tu, pampu ndiyo inayoshukiwa na pampu ndiyo inayonunuliwa.

Pampu haivuti mafuta kama wengi wanavyodhani. Inafanya nafasi tupu mdomoni mwake, na hewa iliyomo tangini ndiyo inayoyasukuma mafuta yakaijaze. Pwani nguvu ya hewa hiyo ni kama bar 1 tu. Ukipanda hadi Njombe inapungua kwa takriban moja ya tano. Kwa hiyo chujio likiziba, pampu inashinda na njaa na kuanza kulia kana kwamba inasaga changarawe. Kiungo kilicholegea upande huu wa kuingilia huenda kisidondoshe hata tone. Kinaingiza hewa, ndiyo maana jicho halikioni. Acha injini izunguke taratibu, upake grisi kiungo kimoja baada ya kingine. Mlio ukibadilika, umekipata.

Kisha chota mafuta kwenye chupa ya kioo. Yakiwa meupe, usiamue papo hapo, yaache yatulie. Yakianza kung'aa kutoka chini, weupe ule ulikuwa mapovu ya hewa. Yakibaki vilevile hadi kesho yake, yameingia maji: yamwagwe yote na tangi lisafishwe.

Angalia pia wakati wa ugonjwa wenyewe. Bledi inayopanda vizuri asubuhi na kulegea mafuta yakipata moto inaonyesha vyuma au sili zimelika, na mafuta mepesi yanapenya ndani kwa ndani. Hapo mtuhumiwa ni pampu, valvu au silinda.

Silinda hupimwa bila kufunguliwa. Nyanyua bledi hadi mwisho, iegemeze juu ya magogo imara, zima injini, chezesha liva presha itoke. Fungua hosi ya kushushia kwenye silinda moja, zibe hosi hiyo kwa plagi, simama mbali na tundu, kisha injini iwashwe na liva ishikiliwe kwenye kupandisha. Mafuta yakiendelea kutoka kwenye tundu lililobaki wazi, sili za pistoni zimekwisha. Likikaa kavu, pima silinda ya pili, halafu geukia valvu. Mara nyingine chembe moja ya uchafu imeizuia valvu ya kupunguza presha isifunge. Kabla ya kununua pampu, funga geji na ulinganishe presha na kitabu cha mashine.

Nawasihi mafundi: msitafute uvujaji kwa kiganja. Mafuta yenye presha ya bar 7 tu yanaweza kutoboa ngozi, na jeraha lake siku ya kwanza huonekana dogo. Tumieni kipande cha kadibodi. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba kilichoingia mwilini ni mafuta ya haidroliki.