Ndizi pekee hazijengi misuli

NDIZI na maharage ni chakula cha kila siku katika kaya nyingi za Kiruruma, mkoani Kagera. Kwa kijana anayetaka kuongeza uzito na misuli, ndizi humpa nguvu ya kunyanyua vyuma, lakini kazi ya kujenga hufanywa na maharage. Kilo nzima ya ndizi za kupika ina takriban gramu 10 tu za protini. Robo kilo ya maharage makavu ina takriban 50.

Anayefanya mazoezi mazito hushauriwa kula gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 hufikia kiwango hicho kwa maharage hayo, yakigawanywa katika milo mitatu, pamoja na nusu lita ya maziwa na dagaa wakavu kidogo. Unga wa makopo si lazima.

Hatari iko kwenye vidonge. Wapo wanaomeza deksamethasoni, dawa ya hospitali, ili wanenepe. Uso huvimba na mizani hupanda, kumbe misuli ya mapaja inadhoofika. Aliyeizoea asiiache ghafla, maana anaweza hata kupoteza maisha. Amwone daktari ampunguzie taratibu.