Urithi wa Baba Zetu: Yale Ambayo Ardhi ya Hanang na Mbulu Inatufundisha



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, tunasimuliwa habari za Naboti wa Yezreeli. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu kwa kuwa lilipakana na jumba la kifalme. Mfalme hakuanza kwa upanga. Alianza kwa maneno ya ungwana, akiahidi kumpa Naboti shamba jingine lililo bora zaidi, au thamani yake kwa fedha. Naboti alikataa, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo zikaandikwa barua, zikatiwa mhuri wa mfalme, likaitishwa baraza la wazee, wakaletwa mashahidi wa uongo, na mtu asiye na hatia akauawa. Tukiisoma habari hii kwa utulivu, tunatambua jambo moja la kuogofya: dhuluma hiyo ilipita katika njia zilizoonekana kuwa halali. Kulikuwa na maandishi, kulikuwa na mhuri, kulikuwa na kikao.

Siku hizi tunasikia mara nyingi habari za migogoro kati ya makampuni ya mawese na wenyeji wa maeneo yanayopandwa michikichi, huko Indonesia na Malaysia, na hata hapa jirani, katika visiwa vya Kalangala nchini Uganda, ndani ya Ziwa Viktoria. Baadhi yetu hudhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Lakini sisi tunaoishi Mbulu na Hanang tumekwisha kuupitia mgogoro wa namna hiyo. Kwetu zao halikuwa michikichi, lilikuwa ngano. Swali lilikuwa lile lile: je, ardhi ambayo watu wameitumia kwa vizazi vingi, bila karatasi mkononi, ni mali ya nani?

Ngano katika tambarare za Basotu

Chini ya Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417, zimeenea tambarare za Basotu. Kwa miaka mingi Wabarabaig, walio sehemu ya jamii kubwa ya Wadatoga, walilisha mifugo yao huko kwa utaratibu walioujua vema. Hawakukaa mahali pamoja mwaka mzima. Walihama na mifugo kufuata mvua, maji na majani, wakiacha sehemu moja ipumzike huku wakitumia nyingine. Mgeni aliyepita katika msimu wa mapumziko angeweza kusema kwamba ardhi ile ni tupu, haina mwenyewe. Huo ndio mwanzo wa makosa mengi: kuidhania ardhi iliyopumzishwa kuwa ni ardhi iliyoachwa.

Kuanzia mwaka 1970 hivi, serikali yetu, kwa msaada wa serikali ya Kanada, ilianzisha mradi mkubwa wa kulima ngano kwa mashine. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, yaani taifa lijitosheleze kwa chakula na lipunguze kununua ngano nje. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, lililojulikana kwa kifupi kama NAFCO, lilikabidhiwa kazi hiyo. Yakapatikana mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Jumla yake ilifikia takribani ekari 100,000, ambazo ni kama hekta 40,000.

Eneo hilo halikuwa kubwa sana likilinganishwa na wilaya nzima, lakini lilikuwa na malisho yaliyo bora. Mfugaji anaponyimwa malisho hayo, utaratibu wote wa kuhama huvunjika. Mifugo hubanwa katika sehemu zilizobaki, majani huisha, udongo humomonyoka, na familia hulazimika kuondoka kwenda mikoa ya mbali, ambako mara nyingi hukutana na migogoro mipya na wakulima.

Palikuwa pia na jeraha la moyoni. Wabarabaig huwaheshimu wazee wao mashuhuri kwa kuwajengea kaburi la heshima, bung'eda, kwa ibada inayoukusanya ukoo wote. Baadhi ya makaburi hayo yalibaki ndani ya mashamba, nayo matrekta yakapita juu yake. Sisi Wakristo, tunaowaombea marehemu wetu na kuyatembelea makaburi kila mwezi wa Novemba, hatuhitaji kuelezwa maumivu hayo ni ya namna gani.

Kesi ya Mulbadaw

Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi katika Mahakama Kuu, Arusha, mwaka 1981. Walishinda katika hatua ya kwanza. NAFCO ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu ile. Sababu zilizotolewa zinastahili kukumbukwa na kila kiongozi wa kijiji. Kwanza, ilionekana kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kuwa imegawiwa ardhi ile kisheria, kwa maana kijiji kuandikishwa hakukutosha kukipa ardhi. Pili, wadai hawakuthibitisha mahakamani kwamba wao ni wenyeji kwa maana iliyowekwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni.

Tulitafakari jambo hilo. Watu ambao kila jirani aliwajua kuwa ni wenyeji walishindwa kwa sababu uenyeji wao haukuthibitishwa kwa ushahidi uliotakiwa. Kisha, mwaka 1987 na 1989, zilitolewa amri za serikali za kufuta haki za kimila katika baadhi ya maeneo, hata njia ya kwenda mahakamani ikazidi kuwa nyembamba.

Kesi ya Mbulumbulu

Lakini historia yetu haikuishia hapo. Katika kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, iliyokuwa wakati huo Wilaya ya Mbulu, baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walishinda mwaka 1987 kesi ya kurudishiwa shamba walilokuwa wakilimiliki kwa sheria ya kimila. Kabla haki yao haijatimia, Bunge lilitunga Sheria Namba 22 ya mwaka 1992, iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa operesheni ya vijiji, na kuzuia mashauri ya namna hiyo yasiendelee.

Baba na mwana hawakukata tamaa. Shauri lilifika Mahakama ya Rufani, nayo mwaka 1994, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali halisi. Kwa hiyo inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Mahakama ilitamka pia kwamba si halali kuwafungia wananchi mlango wa mahakama. Hukumu hiyo, iliyotokana na shamba la familia moja ya wakulima wa Mbulu, leo ni ngao ya wananchi wa Tanzania nzima. Mulbadaw walishindwa, Mbulumbulu walishinda, na yote mawili yametokea nyumbani kwetu.

Sheria inasemaje leo

Baada ya Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kuanzia mwaka 1991, na Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, zilitungwa sheria mbili mwaka 1999: Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5. Zilianza kutumika Mei 2001. Tunapenda waamini wetu wayafahamu mambo yafuatayo.

Mosi, haki ya kimila ya kumiliki ardhi ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na serikali. Asiwepo mtu wa kuwatisha wazee wetu kwamba haki ya kimila ni haki ya daraja la pili.

Pili, halmashauri ya kijiji ni mdhamini wa ardhi, si mmiliki wake. Hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote waliotimiza miaka 18.

Tatu, ardhi ya kijiji haigawiwi moja kwa moja kwa mwekezaji wa kigeni. Ni lazima kwanza ihamishwe na kuwa ardhi ya kawaida kwa utaratibu wa kisheria. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri huamua baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Fidia hukubaliwa kabla ya uhamisho. Tena tukumbuke kwamba ardhi iliyokwisha kuhamishwa hairudi yenyewe kijijini pale mwekezaji anaposhindwa na kuondoka.

Nne, mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili mbele ya sheria.

Tano, malisho ya pamoja yanaweza kutambuliwa na kulindwa kama ardhi ya jumuiya katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Kijiji kisicho na mipaka iliyopimwa wala mpango huo kinafanana na nyumba isiyo na mlango.

Mama Kanisa anafundisha nini

Tangu Baba Mtakatifu Leo wa XIII alipotoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limetetea haki ya mtu kumiliki mali aliyoipata kwa jasho lake. Wakati huo huo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, ulifundisha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Mafundisho haya mawili hayapingani. Umiliki ni wa haki unapomwezesha mtu kuishi na kuwahudumia wengine, na huwa dhuluma unapowanyima wengine riziki.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba jamii za asili hazina budi kushirikishwa kwanza pale miradi mikubwa inapoigusa ardhi yao, kwa kuwa kwao ardhi si bidhaa ya sokoni tu. Ni zawadi ya Mungu na ya mababu waliolala ndani yake. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinatufundisha kwamba ardhi ni ya Bwana, nasi ni wageni na wapangaji wake.

Kanisa halipingi maendeleo wala uwekezaji. Taifa linahitaji ngano, mafuta ya kula na ajira. Kanisa linauliza tu: nani ameulizwa, nani amefaidika, na nani amelipa gharama?

Tujitazame na sisi wenyewe

Lingekuwa kosa kuwanyoshea kidole wakubwa pekee. Ahabu yumo pia katika vijiji vyetu. Yumo katika ndugu anayemfukuza mjane shambani kabla arobaini haijaisha. Yumo katika mkulima anayesogeza mpaka kila msimu kwa mtaro mmoja na kuyameza malisho ya jirani yake mfugaji, na katika mfugaji anayeingiza ng'ombe usiku katika mahindi ya mwenzake. Yumo katika kiongozi anayetia mhuri muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika. Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inakataza kuondoa alama ya mpaka wa jirani, na katazo hilo halibagui kabila wala cheo. Mwiraqw na Mbarabaig wanaopokea Mwili wa Bwana katika altare moja hawawezi kutoka kanisani na kwenda kunyang'anyana kisima.

Kwa hiyo tunazihimiza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na Kamati za Haki na Amani katika parokia na vigango vyetu zifanye mambo machache yanayowezekana. Tuhudhurie mikutano mikuu ya vijiji, na tuhakikishe kwamba mahudhurio na maamuzi yameandikwa kwa ukweli. Tusitie sahihi wala dole gumba katika karatasi ambayo hatujasomewa na kuielewa. Tuwahimize wanandoa waandikishe hati za hakimiliki za kimila kwa majina yao wote wawili. Tuwasaidie wazee kuwaonesha vijana mipaka, mapito ya mifugo na makaburi, na yaandikwe, maana kumbukumbu isiyoandikwa ndiyo iliyowagharimu watu wa Mulbadaw. Mgogoro ukitokea, tuanze kwa usuluhishi katika baraza la ardhi la kijiji. Ikishindikana, twende baraza la kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hata Mahakama Kuu. Subira ya Lohay Akonaay na mwanawe ni somo kwetu: njia ya haki ni ndefu, lakini ipo.

Baada ya NAFCO kuondoka, baadhi ya ardhi ya mashamba yale iligawiwa wananchi, na sehemu nyingine ikaenda kwa wawekezaji. Tambarare za Basotu bado zinalimwa, na bado zinachungwa. Watoto wanaozaliwa leo Katesh, Dongobesh na Haydom watakuwa wengi kuliko sisi, juu ya ardhi isiyoongezeka. Tunachokiandika leo katika vitabu vya kijiji ndicho watakachokirithi.

Bwana, mwenye ardhi yote, atujalie moyo wa Naboti wa kuutunza urithi, na atuepushe na jicho la Ahabu. Amina.