Kutoka Nzilo hadi Ruwe: nani aliuliza watu wanafikiri nini?

KOLWEZI – Mwaka 1952, kiwanda cha umeme cha Nzilo, wakati ule kikiitwa Delcommune, kilianza kazi juu ya mto Lualaba ili kupeleka umeme kwenye migodi ya Union Minière. Mwaka uliofuata, padri Mbelgiji Placide Tempels alifika Ruwe, kambi ya wafanyakazi wa migodi hapa Kolwezi.

Jina lake lilikuwa tayari linajulikana. Mwaka 1945, huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, alitoa kitabu juu ya filosofia ya Wabantu. Baada ya kuishi na Waluba wa Katanga, aliandika kwamba wazungu walikosea kufikiri kuwa Mwafrika hana mawazo yaliyopangwa. Kwa Muluba, alisema, kuwepo ni kuwa na nguvu ya uzima, inayomwunganisha mtu na wazee waliokufa na watoto watakaozaliwa.

Kambini Ruwe, makabila mengi yaliunganishwa na Kiswahili. Humo ilizaliwa Jamaa, kundi la Wakatoliki walioitana baba na mama, mume na mke wakifuata mafundisho pamoja. Tempels hakuanza na katekisimu. Aliuliza watu wanatamani nini zaidi. Majibu yakawa msingi wa Jamaa: uzima, uzazi, mapendo.

Si wote waliomkubali. Paulin Hountondji wa Benin alipinga wazo kwamba watu wote wa kabila moja wanafikiri namna moja. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alionyesha mwaka 1988 namna wageni walivyojitungia Afrika yao wenyewe.

Mabishano hayo yanawagusa wakaaji wa Kolwezi hata leo. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Kwa familia nyingi, udongo ni kaburi la babu na shamba la wajukuu. Mgodi ukipanuka na watu wakihamishwa, nyumba na miti vinahesabiwa. Kaburi linahamishwa, lakini ni vigumu kusema bei ya kuachana na wazee.

Hata hivyo, nyumba moja inaweza kuwa na kijana anayetaka pesa aanze biashara, na mama asiyetaka kuondoka. Utamaduni ni uleule, mawazo ni mawili. Kumsikiliza chifu peke yake hakutoshi: inafaa kila nyumba iulizwe, mbele ya karatasi ya malipo kutiwa sahihi.